Herufi Iliyokosekana Kwenye Bendera ya Rejimenti

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya bendera pale Rosettenville sikuruhusiwa kugusa sindano. Ilikuwa mwaka 2015. Nilikuwa mjane wa Tanga, nimeshona kofia za viua tangu usichana wangu, na nilikuwa nimekuja Johannesburg kukaa na binti yangu mwenye saluni Joubert Park. Nilidhani nikionyesha kofia moja tu, kazi nimepata. Mkuu wa karakana, mama wa Kireno kutoka kisiwa cha Madeira ambaye sote tulimwita Dona, aliipokea kofia yangu, akaigeuza ndani nje, akanirudishia.

"Nionyeshe mikono," akasema.

Nikainyoosha. Akapitisha kidole gumba juu ya ncha za vidole vyangu kama mtu anayepapasa ukali wa kisu.

"Kazi yako nzuri. Ngozi yako mbaya. Hariri hushika ngozi kavu, ikishika inachanika. Wiki mbili utapaka mafuta asubuhi na jioni, na utakaa meza ya nta."

Basi nikaanza meza ya nta, chini ya Fundi Mkataji, Papa Kasongo wa Lubumbashi. Kazi yenyewe ilikuwa kupitisha uzi juu ya donge la nta ya nyuki ili usifumuke wala usijisokote. Uzi baada ya uzi, kutwa nzima. Papa Kasongo alikuwa mtu wa kanisa, mwenye sauti nzito na kicheko chepesi.

"Mama Zuhura, usisikitike," aliniambia. "Miye niko hapa myaka kumi na mbili. Hata miye nilianza na hii nta. Dona iko mukali, lakini iko na roho."

Nyinyi mnaoanza kushika sindano leo, mkiwa na mashine zinazotarizi zenyewe, huenda mkauliza kazi ile ilikuwa ya nini. Tulikuwa tunatengeneza bendera za rejimenti. Rejimenti ni kikosi kikubwa cha askari chenye jina lake na historia yake, na bendera yake ni ya hariri nzito, yenye mashada ya maua pembezoni na nembo katikati. Haifuliwi. Ikizeeka haitupwi, hupelekwa kanisani ikatundikwa mpaka ichakae yenyewe. Na juu yake huandikwa heshima za vita.

Heshima ya vita si medali. Medali huvaliwa na mtu mmoja kifuani. Heshima ya vita hupewa rejimenti nzima, nayo haitolewi kwa kuhurumiana. Rejimenti hupeleka kumbukumbu zake mbele ya baraza, ithibitishe kwamba ilikuwepo kwenye mapigano yale kweli, kwa askari wa kutosha na pamoja na kamanda wake. Ikikubaliwa, hupata ruhusa ya kutarizi jina la mahali pale juu ya bendera yake. Kila jina lina utepe wake wa hariri, na tepe hupangwa kwa kufuata wakati wa vita, ya kale kwanza.

Kutoka meza ya nta nilihamishiwa meza ya majani, nilikotarizi mashada karibu mwaka mzima. Ndipo nikapandishwa meza ya herufi, meza ya heshima kuliko zote. Herufi zetu hazikuwa za uzi. Zilikuwa za waya mwembamba wa dhahabu uliosokotwa kama springi. Tunaukata vipande vifupi vifupi, tunavipitisha kwenye sindano kama shanga, tunavilaza juu ya kamba ya pamba ili herufi isimame. Herufi moja ikienda vizuri ni nusu siku.

Dona alinipa kanuni moja tu ya meza ile. "Usisome. Ukisoma, mkono unakimbilia herufi inayofuata. Tazama umbo. Fuata mchoro."

Nami nikafuata. Nilitarizi majina ya miji ya Ulaya na majangwa ya Misri bila kujua ni majina ya nini, na bendera zikatoka, askari wakaja wakazichukua kwa saluti.

Mwaka wangu wa tatu ililetwa bendera moja kuukuu mno, hariri yake imepasukapasuka, ili tutengeneze mpya iliyo sawa nayo. Tulipewa miezi minne kabla ya gwaride la kuikabidhi. Dona mwenyewe alikopi majina kutoka bendera ya kale, akachora mchoro, akatia sahihi, na Meja aliyekuwa na dhamana ya bendera ile akatia yake. Tepe zikagawanywa. Mimi nikapewa ya tatu.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, nikamaliza herufi ya mwisho, O. Nikanyoosha mgongo, nikasimama kwenda kunywa chai, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama mbali kidogo, nikaiona kama neno.

KILIMAJARO.

Kwanza moyo ulipiga kwa furaha. Mlima wetu! Jina la nyumbani limelala kwenye dhahabu huku kusini. Halafu nikasoma tena, herufi kwa herufi, na furaha ikakatika. N haikuwepo. Nikaukimbilia mchoro. Haikuwepo hata pale. Mimi, mtoto wa Usambara niliyekulia Tanga, nimeshona jina la Kilimanjaro siku tano bila kuona kwamba limekatwa.

Nilimwita Papa Kasongo. Akatazama, akajikuna kichwa.

"Eish, Mama. Lakini nani atasoma? Bendera iko inapita mu upepo, batu beko mbali. Dona hataona. Macho yake siku hizi..." Sote tulijua habari ya macho ya Dona, na hakuna aliyethubutu kuisema.

Hapo ndipo ulipokuwa ugumu. Mchoro ni wa Dona. Sahihi ni ya Dona. Nikisema, namwambia mama yule, aliyenipokea nikiwa mgeni asiyejua hata pa kushukia teksi, kwamba macho yake yamekwisha. Na utepe hauwezi kurekebishwa. Hariri haisahau sindano. Ukifumua, matundu yanabaki. Lazima ushonwe mwingine tangu mwanzo, na majuma yaliyobaki yalikuwa yamehesabiwa.

Lakini lilikuwepo jambo jingine, ambalo Papa Kasongo hakulijua. Babu yangu, baba wa baba yangu, alichukuliwa kwenye Vita Kuu ya Kwanza, vita ile ya Wazungu iliyopiganwa kwetu. Hakuchukuliwa kuwa askari. Alichukuliwa kuwa mpagazi, yeye na mdogo wake, Mbwana Shemhina. Walibeba masanduku ya risasi ya Wajerumani, na Wajerumani walipokimbia, wakabebeshwa ya Waingereza na ya Makaburu waliotoka huku huku kusini. Babu alirudi, bega moja limeshuka kuliko jingine maisha yake yote. Mbwana hakurudi. Mara ya mwisho kaka yake alimwacha chini ya mti upande wa Handeni, ana homa, kwa sababu msafara haukungoja mgonjwa. Hakuna aliyeleta habari ya kifo chake, na kwa hiyo nyumbani hakuna aliyemfanyia hitima. Mkewe alikaa akimngoja mpaka akazeeka.

Nilikaa na utepe ule mapajani, nikasema moyoni: hao ndio wanaoandikiwa mlima wetu kwa dhahabu, nasi tumenyimwa hata kaburi, acha basi jina lao liwe bovu. Nawaambieni ukweli, nililisema. Nikalirudia. Kisha nikaona kwamba jina bovu lile si lao. Ni letu.

Nikabisha mlango wa ofisi.

"Dona, nimekosea. Nilifuata mchoro, sikusoma."

Akachukua utepe, akachukua mchoro, akachukua kioo cha kukuzia. Alikaa muda mrefu, midomo ikitaja herufi mojamoja. Alipofika pale, akaweka kioo chini taratibu.

"Hujakosea wewe," akasema. "Nimekosea mimi. Umeshawaambia wengine?"

"Papa Kasongo anajua."

"Basi waite wote."

Akasimama mbele yetu sote, watarizi tisa, akasema macho yake hayafai tena kuchora, na kwamba kuanzia siku ile kila mchoro utasomwa kwa sauti na watu wawili kabla ya kutiwa sahihi. Halafu akapiga simu kwa Meja. Wakubwa wengi niliofanya kazi chini yao wangetafuta mtu wa kumtupia lawama, na mtu mwenyewe nilikuwepo, mgeni, nimeushika utepe mkononi. Yeye hakutafuta.

Meja alifika alasiri ile. Alikuwa mtu mweusi wa Soweto, mrefu, mvi zimeanza kumtoka kando ya masikio. Alisikiliza, akaomba kuonyeshwa aliyeona kosa.

"Mama, uliwezaje kuliona? Mimi nilitia sahihi, sikuliona."

"Mlima ule naujua, Meja."

"Umeshaufikia?"

"Babu yangu alifika, na mdogo wake. Walibeba risasi zenu."

Dona akanitupia jicho la kunionya. Lakini Meja akavuta kiti, akaketi mbele ya meza yangu. "Nieleze," akasema. Nikamweleza yote, mpaka mti wa Handeni. Kisha nikamuuliza: "Wapagazi wana heshima gani kwenye bendera?"

"Hawana," akajibu. "Heshima hupewa rejimenti, nao hawakuwa rejimenti. Hakuna aliyewaombea." Akatazama mikono yake. "Babu yangu mimi alipelekwa vita ile ile, ng'ambo, Ufaransa. Hakupewa bunduki, alipewa sepetu. Na rejimenti hii, Mama, enzi zile isingenipokea hata kufagia uwanja. Leo ndimi mtunza bendera yake."

"Kwa hiyo unaweza kutuongeza?"

"Kwenye hariri siwezi kuongeza hata nukta bila idhini ya baraza. Nikikuahidi hivyo nitakuwa mwongo." Akainuka. "Lakini sala ya kuwakumbuka wafu siku ya gwaride, hiyo haina baraza. Huisoma mimi. Niandikie jina la babu yako mdogo, kwa herufi kubwa."

Nikaliandika. Alilisoma kwa sauti mara tatu, nikimrekebisha, mpaka likakaa sawa mdomoni mwake.

Tulishona utepe mpya kwa zamu, mimi asubuhi, mwenzangu wa meza ya majani mchana. Papa Kasongo aliacha mkasi wake akarudi kupaka nta, mzee mzima, bila kuombwa. Dona alikuwa akipita nyuma yetu akiuliza, "Mmesoma?" nasi tunasoma kwa sauti: ke, i, le, i. Utepe ulikamilika siku sita kabla ya gwaride.

Sisi watarizi hatukuwa tukialikwa kwenye magwaride. Safari ile Meja alileta kadi tatu: ya Dona, ya Papa Kasongo, na yangu. Niliona kwa macho yangu jambo nililokuwa nikisikia tu: ngoma zinapangwa katikati ya uwanja zikawa kama meza, bendera mpya inalazwa juu yake, kasisi anaibariki. Kisha Meja akafungua karatasi. Akawasoma askari wa rejimenti, vita kwa vita. Alipofika Afrika Mashariki akatua.

"Na wapagazi waliobeba vita ile mabegani," akasema, "ambao majina yao hatunayo. Jina moja tunalo. Mbwana Shemhina."

Alilitamka vizuri kabisa. Uwanja mzima ulikuwa umevua kofia. Dona alinishika mkono akaubana, na Papa Kasongo akasema kwa sauti ya kanisani, "Amina," kabla ya wakati, watu wakageuka.

Jioni ile nilimpigia simu shangazi yangu Lushoto, binti wa mwisho wa babu aliyebaki hai. Nilimweleza.

"Wamemtaja kwenye wafu?" akauliza.

"Wamemtaja, shangazi."

"Basi tumsomee. Ametungoja sana."

Ijumaa iliyofuata tukamsomea hitima, wao Lushoto, sisi ghorofa ya saba Joubert Park. Walikuja watu wa Tanga, wa Pemba, wa Dar, ambao hata hawakumjua. Papa Kasongo alikuja na mkewe, wakavua viatu mlangoni, wakakaa nasi mpaka mwisho wakala pilau.

Nilistaafu mwaka 2019. Dona alitaka nibaki nisome michoro, nikakubali miezi mitatu ya kumfundisha mwingine, basi. Nimewahi kuulizwa na vijana kama haikunikera kuyapamba majina ya vita. Ilinikera siku moja, nimeshawaeleza. Lakini nilijifunza kwamba kitambaa kile hakijafungwa. Kila kinapotolewa nje, watu husimama na kusoma, na anayesimama leo si yule aliyesimama jana. Kama una neno la haki, lipeleke kwa mwenye bendera. Yumkini atakusikia. Mimi nilisikiwa.

Tangu siku ile sala ya wapagazi husomwa kila mwaka, na wengine wameanza kuleta majina yao: mama mmoja wa Malawi, mzee mmoja wa Kimakonde. Mwaka huu Meja amesema anataka jina letu lisomwe na mtu wa nyumbani. Nimewatoa wajukuu wangu wawili, waliozaliwa hapa hapa na wanaojua Kizulu kuliko Kiswahili. Kila baada ya chakula tunafanya mazoezi, wamesimama wima kando ya friji. Mkubwa amelishika. Mdogo bado anasema "Mwana Shemina", anacheka, anaanza upya. Tuna miezi miwili.