Mkono wa Saa Moja

Juzi mtoto wangu alikuwa anatikisa njugu ndani ya mkebe. Nilimkemea mpaka akaanza kulia. Mlio ule siuwezi.

Mtaa wetu wa Kibera ulipowaka moto baada ya kura, nikiwa bado mtoto, mama alibaki kulinda nyumba, akatutuma kwa anti Kawangware, mimi na mdogo wangu aliyezaliwa na virusi vya ukimwi. Kopo la dawa zake alilifunga kwenye leso, akaniambia, "Taarifa ya habari ya saa moja ikianza, mpe. Usiruke hata siku moja." Nyumbani ndivyo tulivyozoea. Redio ikipiga mlio wa habari, mdogo wangu alinyoosha mkono mwenyewe.

Lakini kwa anti, saa hiyo ndipo nyumba ilipojaa majirani waliokuja kusikiliza ni wapi kumechomwa. Siku ya kwanza nilipolitoa kopo, vidonge vililia ndani yake, na binamu yangu akauliza kwa sauti, "Hizo ni dawa za nini?"

"Za kikohozi," nikasema. Wote waligeuka.

Kesho yake sikulitoa. Habari zilipoanza, mdogo wangu akanyoosha mkono. Nikaukunja, nikaushika kwenye mapaja yangu kama dada mwenye upendo. Asubuhi nikaangusha vidonge vya jana chooni, mama asije akajua. Nilifanya hivyo kila siku, mpaka mkono ukaacha kunyooshwa.

Mama alipokuja kutuchukua, kabla hata ya salamu aliuliza, "Dawa alikuwa anakunywa?"

Mdogo wangu alinitazama, kisha akamjibu, "Alikuwa ananipa."