Mtani Wangu wa Banda la Mboga

Nikilikumbuka lile banda la mboga la Mlali, kwanza nasikia kicheko cha mtani wangu. Alikuwa mpokeaji wetu: wakulima walipoteremka milimani na karoti na kabichi, yeye ndiye aliyepaswa kuwafungulia, apime, apakie lori la Dar. Mimi nilikuwa msimamizi wake. Yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani tangu kabla hatujazaliwa. Nilizipenda mno zile asubuhi.

Tatizo, alikuwa mchelewaji wa kutupwa. Akina mama wamekaa juani na matenga yao, mchicha unanyauka, naye anakuja taratibu akitafuna muwa.

"Mtani, ukichelewa tena nakufukuza!" nilimwambia siku moja, damu ikinichemka.

"Unifukuze kwetu, mgeni wewe? Mlipita hapa mkibeba mizigo ya watu, babu zangu wakawapa maji. Leo mmekuwa mabosi!"

Akina mama wakaangua kicheko. Na mimi, mtu mzima, nikacheka nao. Ningefanyaje? Mtani hakasirikiwi. Nikikunja uso ndiyo kwanza anafurahi, anadhani naigiza vizuri.

Kisha mwenye banda akapiga simu kutoka Dar: asipojirekebisha wiki hii, aondoke. Nikamwita pembeni, nikamweleza kwa upole kabisa. Akanishika bega. "Leo umeniweza, mtani." Kesho yake akachelewa. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na mimi usingizi ukaanza kunipaa kwa kuwafikiria.

Mwishowe nikamwomba karani wetu, mama wa Kihaya asiye na utani naye, amwambie maneno yaleyale. Aliyasema mara moja tu. Nilimwona mwenzangu akivua kofia na kunitafuta kwa macho.

"Kwa hiyo ulikuwa unasema kweli?"

"Tangu mwanzo."

"Sawa, bosi."

Hakuchelewa tena. Mboga zikafika Dar zikiwa mbichi, mwenye banda akamsifu, kazi yake ikapona. Nilifurahi, sitasema uongo. Ila asubuhi zilipoa. "Habari za asubuhi, bosi," basi. Nikamchokoza, nikamtukania ukoo mzima, akajibu kwa adabu. Adabu ile iliniudhi kuliko ule uchelewaji wake wote.

Mwaka uliofuata mama yangu alifariki nyumbani kwangu. Kwetu msiba una watani: huiga sauti ya marehemu, hulala njiani jeneza lisipite mpaka wapewe chochote, wafiwa wakajikuta wanacheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Nilimngoja yeye. Nilimhitaji siku ile kuliko mtu yeyote.

Alikuja mapema kuliko wote, amevaa shati safi. Akanipa mkono, akasema, "Pole sana, bosi," akaenda kukaa na wageni wengine. Jeneza la mama likapita bila mtu wa kulizuia.