Vyombo vya Rahmati

Djaouharia hakuwa mwanamke wa kukaa nyumba ya kupanga. Kwao Mutsamudu, chini ya ngome, baba yake alimjengea nyumba ya mawe angali mtoto, kama desturi ya visiwa vile inavyotaka: nyumba ni ya mwanamke, mume huingia kwa heshima zake, na akichokwa huchukua kofia yake akatoka. Lakini mwaka wa themanini na tano mumewe Saïndou, karani wa ushuru bandarini, alihamishiwa Moroni, kisiwa kingine. Djaouharia akafunga mlango wake, akamwachia mama yake ufunguo, akamfuata mume. Shoga zake walimcheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akawaambia wacheke tu, kwani alimpenda Saïndou na hakuona haya kulisema.

Moroni walipata vyumba viwili vitupu; ukikohoa, ukuta unakujibu. Djaouharia alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za kabla zilimtoka, na daktari alimwapia kwamba akithubutu kusafiri baharini au angani, hii nayo itatoka. Basi angezalia Moroni, mbali na mama yake. Na kuzaa bila wanawake kando yako ni jambo ambalo hata adui humwombei. Alihitaji majirani, na mwenyeji wa Moroni humpati kwa tabasamu. Lazima aje kwako, aione nyumba, akae, ale. Sasa akae juu ya nini?

Ni mkuu wa Saïndou kazini aliyemwelekeza. Nyuma ya ghala moja, njia ya kwenda Ikoni, kulikuwa na vyombo vilivyotumika vikiuzwa kwa bei ya kutupa. Saïndou akarudi na kitanda cha nguzo nne, kabati la vioo, viti sita na meza yake. Rahisi ni ghali, wahenga walishasema, lakini nani huwakumbuka wahenga akiona mbao kama zile? Djaouharia alilia kwa furaha. Hakujali kwamba hamali waliovileta walivishusha mbio mbio kama waliobeba makaa, wakakataa maji, wakakataa hata chai, na hamali wa Moroni hana tabia ya kukataa chai.

Alipaka mafuta ya nazi kila ubao. Alitandika kitanda shuka nyeupe, akapanga vikombe nyuma ya vioo, akapika mkate wa sinia na pweza wa nazi, kisha akawaalika wanawake wa mtaa.

Walikuja wote, wamejipaka liwa ya msindano usoni, wakiongozwa na bibi Koultoumi, ambaye bila yeye mtaa ule haukuzika wala kuozesha. Wakaingia na vicheko. Vicheko vikafa mlangoni. Waliliangalia kabati. Wakaangalia viti. Kisha Koultoumi akajikunja taratibu, akakaa chini kwenye mkeka, na wanawake wote wakakaa chini naye.

"Karibuni vitini, jamani," alisema Djaouharia.

"Hapa panatutosha, bweni," alijibiwa. Lilikuwa jina la heshima wanalomwita mwanamke mgeni, nalo lilimwuma.

Walionja pweza kwa ncha za vidole, wakamwombea uzazi mwema, wakaondoka. Siku zilizofuata walimsalimia bila kusimama. Djaouharia akajitolea hukumu: hawa Wangazidja wananidharau kwa kuwa mimi Mndzuani. Basi kwa hasira akazidisha mafuta kwenye mbao, kana kwamba kabati likimeremeta zaidi watampenda zaidi. Maskini, hakujua anang'arisha nini.

Kulikuwa na jambo jingine. Gari la wazungu wa kambini lilianza kupita kwao. Hao ndio waliokuja na bunduki mwaka wa sabini na nane, wakapindua serikali, wakajifanya walinzi wa nchi. Nguo nyeusi, miwani myeusi. Gari lilikuwa likipunguza mwendo dirishani pake kisha likienda zake. Adhuhuri moja lilisimama. Mzungu mmoja akatoa kichwa, akamsalimu kwa Shingazidja safi kuliko chake yeye.

"Habari za nyumba, bweni? Kitanda kinakufaa?"

Djaouharia alisema kinamfaa. Alipofunga dirisha, mtoto tumboni akatulia tuli mpaka Alasiri. Ilikuwa mara ya kwanza kumwogopea kwa ajili ya watu.

Bibi Koultoumi ndiye aliyemfungua macho. Alikuja peke yake mchana kweupe, akakaa kwenye mkeka kama mara ile, akasema bila kuzunguka.

"Mwanangu, vyombo hivi ni vya Rahmati. Mumewe alikuwa mwalimu. Walimchukua Machi, wale askari weusi walipowaasi wazungu wao na watu wakakamatwa hovyo. Nyumba hawakuigusa, ni ya Rahmati kutoka kwa mama yake. Walibeba vilivyonunuliwa na mume. Hatukuchukii wewe. Lakini mwanamke wa mtaa huu atakayekaa kwenye kiti hicho, atakuwa amekubali."

"Koko, bibi yangu, mimi sikujua!"

"Tumejua kwamba hukujua. Sasa umejua."

Saïndou aliporudi alimkuta mkewe amekaa sakafuni, hataki kitanda wala kiti. Alimsikiliza, akafunga dirisha.

"Tusivirudishe, Djaouharia. Leo mkuu wangu ameniuliza mbele ya watu kama mke wangu ameridhika na vyombo. Kwa nini aulize?"

"Na mimi nitazaa na nani? Na kabati?"

Saïndou alikuwa mtu mpole, na hofu ilimkalia vibaya kama viatu vya mtu mwingine. Djaouharia alimwonea huruma, lakini asubuhi alijitanda nguo yake nyekundu ya shiromani, akaenda.

Nyumba ya Rahmati ilikuwa karibu na msikiti. Mlango ulikuwa wazi. Ndani hakukuwa na kitu ila mkeka, na ukutani chokaa ilikuwa nyeupe zaidi mahali lilipokuwa kabati. Rahmati, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mkavu wa mwili, alimwitikia hodi na kumtazama tumbo kabla ya uso.

"Dada, nimekuja kukwambia vyombo vyako nitakurudishia. Leo hii, ukitaka."

"Usinirudishie."

"Lakini ni vyako!"

"Keti kwanza. Jirani yangu Inzoudine alinunua redio yetu palepale ghalani. Akanionea huruma, akaniletea. Kesho yake alichukuliwa. Unadhani wana shida ya vijisenti? Wanauza ili waone nani atarudisha. Hivyo wanajua ni nani bado ana moyo." Alisema bila kupandisha sauti. "Lalia kitanda hicho, mdogo wangu. Nimekuhalalishia. Siku yako ikifika niite."

"Wakikuona kwangu?"

"Mimi wamekwisha kuniona."

Uchungu ulimshika Djaouharia Ijumaa asubuhi. Saïndou alikimbia kumwita mkunga, na mkunga alikuwa Mvouni kwa mzazi mwingine. Kila mlango aliobisha aliambiwa wanakuja, na hawakuja. Mwishowe akasimama mlangoni kwa Rahmati, akasita, akamtazama, akasema, "Dada, twende." Ndivyo mwoga yule alivyofanya, na alijua anachofanya, kwani mkewe alimsimulia habari ya redio. Rahmati alipopita mtaani ametangulia mbele, wanawake walichungulia, kisha wakatoka mmoja mmoja, Koultoumi na fimbo yake nyuma yao. Nyumba ikajaa. Rahmati alimshika Djaouharia mgongo juu ya kitanda kilekile, akimwambia lini asukume na lini apumue. Hakuna aliyesema habari ya vyombo.

Katikati ya uchungu walisikia gari likisimama, na injini ikazimwa. Sauti ilimwuliza Saïndou, kwa adabu sana, ni kina nani wamo ndani. Saïndou akajibu, "Ni wageni wangu. Nimewaita mimi." Wanawake wakatazamana. Djaouharia alitaka kuinuka, Rahmati akamkandamiza mabega. "Sukuma," alisema. Mtoto alitoka akilia, wa kike, mzima, na kilio chake kikafunika mlio wa gari likiondoka.

Koultoumi alimsomea dua. Mtoto akaoshwa, akafungwa kitambaa, akalazwa kifuani kwa mama yake. Djaouharia alicheka na kulia pamoja. Alitazama duara la nyuso zilizomwinamia. Alikuwa na majirani sasa.

"Mwiteni baba yake amwadhinie," alisema.

Mmoja wa wanawake akaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Saïndou yuko wapi?"

Rahmati alikaa ukingoni mwa kitanda, akamchukua mkono.

"Wamemchukua. Lia leo, mdogo wangu, tupo hapa. Chakula hupokewa lango la gereza Jumatano. Usipeleke samaki mwenye miiba, askari wanamchambua kwa vidole vyao, anafika uji. Weka ndizi na nyama, bila kifuniko. Tutakwenda pamoja, nami nitakuonyesha pa kusimama."