Fundi wa Rangwe Amrudishia Mjane Sauti ya Mumewe

Jumanne, tarehe 14 Juni 1966. Jua ndiyo kwanza linaligusa soko la Rangwe, na Fanuel Wangwe ameinamia gramafoni iliyoletwa kutoka ufukweni. Anazungusha mpini wa gramafoni hadi springi ya ndani inakazika, kisha anaachilia.

Sahani inazunguka vizuri. Lakini mara tu anapoweka santuri na kushusha sindano, mwendo unalegea na mwimbaji anaanza kunguruma.

"Huyo si mume wangu," anasema mwenye gramafoni, Bi. Filister Adero, mjane kutoka kijiji cha wavuvi karibu na Homa Bay. "Huyo ni ng'ombe."

Mumewe alifariki mwaka juzi. Maishani mwake aliimba katika santuri hiyo moja tu, na Jumapili hii familia itakutana kwa maombi ya kumkumbuka. Mtoto wao wa mwisho alizaliwa baada ya mazishi.

"Hajawahi kumsikia baba yake," anasema Bi. Filister. "Sitaki aanze na sauti hii. Atamwogopa."

Wangwe ni mzaliwa wa Kegonga. Kazi hii aliipata Kisumu, alipokuwa akifagia duka la santuri na kutazama mikono ya mafundi. Mwezi mzuri humpatia shilingi themanini hivi. Wakati wa mvua hupungua sana.

Kwanza anaweka bilauri ya maji ubaoni, aone kama gramafoni imekaa sawa. Imekaa sawa. Anaing'oa sahani kutazama kama inasugua ubao. Haisugui. Ndipo anapofungua mashine yenyewe, ananusa na kucheka.

"Mama, humu ndani ulikuwa unampikia nani?"

"Nilitia mafuta ya kamongo," anajibu Bi. Filister bila kusita. "Baiskeli ya marehemu ilikuwa inateleza kwa mafuta ya samaki huyo huyo. Hii ina nini hata iyakatae?"

"Baiskeli hupigwa na jua, mafuta yakalainika. Humu yameganda kama gundi. Sahani ikiwa tupu inayashinda. Ukiibebesha santuri na sindano, inachoka."

"Nyinyi wafugaji wa Kegonga mngetia samli," anadakia Truphena, mshonaji wa kibanda cha pili.

"Samli tungekula, shemeji. Hebu nipe tone la mafuta ya cherehani."

Wangwe anachovya unyoya wa kuku katika mafuta ya taa na kusafisha magurudumu ya mashine jino moja baada ya jingine, hadi chuma kinang'aa. Anatia lile tone la Truphena, anafunga, anaweka santuri tena. Sasa sahani haichoki. Inabaki skrubu ndogo ya kuongeza na kupunguza mwendo, na hapo fundi anasimama kando.

"Mimi sikumjua marehemu," anasema. "Wewe niambie."

Bi. Filister anafumba macho. "Ongeza. Huyo ameshiba mno. Wangu alikuwa mtu wa haraka." Skrubu inageuka. "Ongeza kidogo." Inageuka tena. "Umepita, huyo ni mdogo wake."

Wangwe anairudisha kidogo sana. Bi. Filister anafumbua macho. Anamshika fundi mkono ulio juu ya skrubu.

"Usiguse tena," anasema.

Bi. Filister anapoondoka na gramafoni kichwani, Wangwe anaeleza kwamba kila santuri yenye sauti ya mtu wa nyumbani huirekebishia mwendo hivyo, kwa sikio la mwenye santuri. Kinachomsumbua ni kelele za soko. Amekwisha kuona chumba huko Suna, Migori, na ana hakika atakihamia kabla ya mwaka kwisha.

"Nataka chumba chenye mlango," anasema. "Mtu akija kumsikiliza mtu wake, amsikie bila mbuzi kulia."

Nawe uliyesoma hadi hapa, msomee jirani ambaye bado hajui kusoma, na umwombe naye akawaambie wa kwao: mafuta ya samaki yabaki chunguni.