Kilimia Bila Doa

Mimi Shigela ni mpiga picha za pasipoti hapa Kitete, Tabora, huu mwaka wa ishirini na mbili, na kazi yangu ni kuwaambia watu wainue kidevu kidogo na wasitikisike. Nyota haziambiliki. Hilo nililigundua Novemba, nilipoazima darubini ya Kunal, muuza vitambaa, kwa kiburi cha mtu anayejua kamera.

Sababu nilikuwa nayo. Mama yangu, Kashindye, yuko Bukene, na mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili hadi anaona tu kitu kikubwa kikisogezwa karibu na pua. Daktari anataka kumfanyia upasuaji, yeye hataki. "Nimeshaona vya kutosha," anasema. Kuna kitu kimoja tu alichokuwa akikililia: Kilimia, lile kundi la nyota ambalo kila mwaka likichomoza jioni, yeye hushika jembe. Nikasema nikimpelekea Kilimia kikubwa kama sinia, atayatamani macho yake.

Jioni ya kwanza nilifunga kamera kwenye darubini, nikabonyeza, flashi ikawaka. Flashi! Utadhani Kilimia kimekaa kwenye kigoda changu mbele ya pazia la bluu. Jioni ya pili nyota zilitoka ndefu kama tambi. Nikamfokea mke wangu, Levina, kwamba anatembeatembea uani na kutikisa ardhi.

"Baba Suzana, mimi nimekaa," akasema. "Mbingu ndiyo inayotembea."

Nilinuna. Halafu nikafupisha muda wa kufungua lenzi, nyota zikatulia. Sikumwambia.

Jioni ya nne nilipata picha, nikafurahi mpaka nikaimba. Nikaisafisha kwenye kompyuta kama ninavyosafisha nyuso za wateja: chunusi toa, vumbi toa. Nikaichapa kubwa, nikapanda treni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Lete hiyo picha."

Akaisogeza puani, pale uani kwenye jua, akagusa nyota moja moja kwa kidole. Akarudia.

"Ziko tano."

"Ndiyo, mama."

"Na ile ndogo ya pembeni?"

 Ile ndogo niliifuta mwenyewe pamoja na vidoa vingine, nikidhani ni vumbi. Lakini mtu wa studio hakubali kosa mbele ya mteja.

"Hakuna ya sita, mama. Kamera yangu haikosei."

Akageuza uso kule ilikotoka sauti yangu. "Nimelima miaka hamsini kwa nyota sita, Shigela. Leo uje unifundishe wewe?" Akanirudishia picha kama chenji pungufu. "Treni ya Tabora inapita lini? Huyo daktari anitoe huu utando, nikuonyeshe ya sita kwa kidole."

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Nikaufunga, nikaingia ndani kumfungia mzigo.