Nyumba ya Viti Viwili

Nitawasimulia, lakini mkicheka chekeni polepole, maana mimi mwenyewe nikikumbuka hujifunika uso. Nilimfuata mume wangu hadi Sutton Coldfield, mji mmoja huku Uingereza, nikidhani nakwenda kumfumania.

Katika koti lake nilikuta mchoro (sikuwa napekua, nilikuwa nafua), nyumba kama sanduku juu ya mlima, ukuta mzima wa kioo, haina pazia, haina kabati, kitanda kimoja, viti viwili, na chini kaandika kwa mkono wake: Wundanyi. Kwao, milima ya Taita. Sisi tuna watoto wanne. Badala ya kumuuliza nikanyamaza, na Jumamosi aliposema ameitwa kazini, lori halina dereva, nikajitanda mtandio nikapanda treni ileile, behewa la nyuma.

Akaingia ukumbi fulani. Nikasubiri kidogo, nikasukuma mlango, nikamkuta amesimama mbele ya wazungu kama kumi, mchoro umebandikwa ukutani, na kwa hasira zile hata sikujiuliza mke wa siri anataka wazungu kumi wa nini, nikasema kwa Kiingereza changu chote, "Hiyo nyumba ya watu wawili, huyo wa pili ni nani?"

Mama mmoja mwenye mvi, kumbe ndiye mwalimu, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Swali zuri," akasema. "Kabla hujapunguza vitu ndani ya nyumba, ujue nani ataishi humo." Watu wakaandika. Kwenye madaftari, jamani.

"Mama Neema," mume wangu akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini, "ni homework. Watu wawili kasema mwalimu."

Kumbe ni darasa la kuchora ramani za nyumba. Nikavutiwa kiti, nikakaa saa nzima nikisikiliza eti ukiwa na mlima nje huhitaji pambo ndani, nikiomba ardhi ipasuke.

Kwenye treni ya kurudi nikamuuliza kwa nini alinificha.

"Mwaka juzi nilikwambia nataka kusomea haya mambo," akasema, anatazama dirishani. "Ulicheka, ukawapigia dada zako simu wacheke na wao."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye hakusahau.

Siku hizi nikishuku jambo nauliza nyumbani, na mtu wangu akiniambia anachokitamani, kicheko nakimeza, hata kikinikwama kooni.