Hoteli ya Fungate Yangu

Ndugu zangu husema nina ugonjwa wa hoteli. Nikisikia kwamba mahali fulani, huko ambako barabara inaisha na simu haishiki, kuna nyumba yenye shuka nyeupe, bafu la maji moto na mtu wa kukuletea chai kwa sinia, situlii mpaka nimefika. Nimelala katikati ya mashamba ya chai kwenye baridi ya kuuma, nimelala mahali ambapo dereva alinishusha akaniombea dua. Nikirudi wananiuliza kuna nini huko ambacho Bujumbura hakuna. Siku hizi siwajibu. Wengi wao walikuwepo nilipoanza, na kama wamesahau, shauri yao.

Nilianza wakati wa vita, mwaka ule wa embago, nchi jirani zilipotufungia mipaka na petroli ikawa inauzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi. Nilikuwa mchumba wa fundi wa injini za mashua pale bandarini, na nikaha ilikuwa imekaribia. Kwetu mtaa wa Buyenzi bibi arusi na mumewe hukaa fungate, siku saba za mwanzo ndani ya chumba chao, hawagusi kazi yoyote, wanawake wa upande wa bibi arusi wakiwaletea chakula. Ni siku saba tu katika maisha ya mtu. Baada ya hapo ni kufua na kupika mpaka uzee.

Lakini chumba kilikuwa wapi? Nyumba ya mama ilikuwa imejaa jamaa waliokimbia kutoka mtaa wa Mutakura. Walilala ukumbini, walilala jikoni, mmoja alilala juu ya cherehani ya marehemu baba, namaanisha juu ya meza yake. Shangazi yangu, dada wa baba, ambaye ndiye aliyekuwa somo wangu wa kunifunda mambo ya ndoa, alipendekeza tutundike pazia chumbani kwake. Upande huu maharusi, upande ule watoto na mzee mmoja mwenye pumu. Nilimwangalia nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

Basi mchumba wangu akanisimulia, kwa kunichekesha tu, kwamba alikuwa amepelekwa kwa mashua kusini, upande wa kwenda Rumonge, kutengeneza jenereta ya hoteli moja ya kifahari. Tajiri fulani aliijenga kwenye ghuba ndogo chini ya milima, kwa ajili ya Wazungu na mawaziri, halafu vita vikaanza na yeye akakimbilia Ulaya. Barabara ya juu hakuna aliyethubutu kuipita kwa sababu ya mashambulizi. Wageni hawakuwepo hata mmoja, ila msimamizi wake, mzee wa makamo, alikuwa bado anavaa koti jeupe kila asubuhi na kutandika kitanda cha chumba kimoja, asije akasahau kazi. Alimwambia mchumba wangu kwa mzaha kwamba akioa amlete mke. Mchumba wangu alicheka sana. Mimi sikucheka. Nilimwuliza mashua inaondoka lini.

Mama aliposikia alisimama katikati ya uwanja, mwiko wa kupikia mkononi.

"We mutoto, iko na akili kweli? Watu wanakimbia kule kuja huku, we unatoka huku kwenda kule?"

"Mi nitaenda, mama."

"Kufanya nini?"

"Kulala."

"Kama ni kulala, utalala hapa."

"Hapa nani analala?"

Nilijua nimemgusa pabaya. Tangu vita vianze mama yangu hakuwa analala. Kila jioni alitandika mkeka karibu na mlango, akakaa na tasbihi yake, akisikiliza risasi zinatoka mlima gani na zinasogea au zinarudi nyuma. Zikisogea, yeye ndiye aliyetuamsha tulale chini sakafuni. Alfajiri alisali, akaingia jikoni. Mchana akisinzia penye sufuria, mtu akifunga mlango kwa nguvu anaruka. Macho yake yalikuwa mekundu hivi kwamba wageni walimpa pole ya msiba.

"Nikaha nitakaa," akasema, "na pilau nitapika, watu wasiseme. Lakini ukiingia mu ile mashua, radhi yangu apana."

Kwetu hilo si neno la kutishia mtoto. Mtu anaweza kuolewa na mfalme, bila radhi ya mama hana kitu. Nililia usiku kucha. Asubuhi nikafunga sanduku langu. Niliona kwamba nikikubali lile pazia nitakuwa nimekubali vyote, na vita vilikuwa vimeshakubaliwa mno. Viliamua tule nini na tutoke saa ngapi, na sasa vilitaka kuamua nilale na mume wangu wapi. Sikuwa na bunduki. Nilichokuwa nacho ni kichwa kigumu.

Nikaha ilipofungwa tulipanda mashua ya mizigo iliyokuwa inapeleka sabuni na chumvi Rumonge, mimi nikiwa na hina mikononi, nimekaa juu ya katoni. Mama hakuja bandarini.

Ile hoteli, jamani. Sakafu ya mawe yanayong'aa, bafu ambalo mtu anaweza kuogea na watoto wake wote, chandarua cheupe kinachoshuka kutoka darini. Bwawa la kuogelea lilikuwa kavu, vyumba vingine vilikuwa vimefungwa na magodoro yamerundikwa stoo. Jikoni hakukuwa na kitu ila samaki wa ziwani. Msimamizi alitupa karatasi ya vyakula vya Kifaransa, akasimama wima akingoja tuchague. Tulichagua kwa makini. Akaenda, akarudi na ndagala kwenye sahani ya kauri, zimefunikwa kwa kifuniko cha fedha. Akafunua kwa madaha, akasema, "Bon appétit." Tulikula zile dagaa kwa uma na kisu, na sijawahi kujiona mtu mkubwa kama siku ile.

Siku ya nne, asubuhi, mashua ileile ilisimama mbele ya hoteli. Akashuka shangazi na vyungu vya chakula, na nyuma yake akashuka mama. Hasira ilikuwa yake, lakini chakula cha fungate kilikuwa cha ukoo, hakingeweza kukosa kunifikia. Nahodha akawaambia atawapitia alasiri akirudi na mawese.

"Bienvenue, madame," msimamizi akainama.

"Bienvenue ya nini? Mutoto wangu iko wapi?"

Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye jenereta. Mama aliingia moja kwa moja chumbani kwetu, jambo ambalo mama mkwe halifanyi kamwe. Kwetu mama mkwe hakanyagi chumba cha mkwewe, sembuse kugusa kitanda chake. Kwa hasira alisahau.

"Vaa, tunarudi," akaniambia.

"Sirudi, mama. Siku hazijaisha."

Hapo akaanza. Alinisema akiwa amesimama, kisha miguu ikamchoka, akakaa ukingoni mwa kitanda akaendelea kunisema. Alimtaja baba, akawataja wa Mutakura na nyumba zao zilizochomwa. Upepo wa ziwa ulikuwa unaingia dirishani. Hakukuwa na sauti nyingine yoyote. "Na siku wakipiga huku," akasema, "nani ata..." Akainama upande, kichwa kikaangukia mto, akalala.

Shangazi akashika mdomo. "Haki ya Mungu! Kitanda ya mukwe! Mwamushe!"

"Apana, shangazi."

"Ni mwiko, mutoto! Watu watasema nini?"

"Watu gani? Wao wenyewe hawalali."

Nikamvua mama viatu, nikainua miguu yake, nikashusha chandarua. Nikamtoa shangazi kwa mkono, nikafunga mlango na kukaa mbele yake. Mume wangu akaja amejaa oili mikononi. Nilipomwambia nani yuko ndani, aligeuka haraka akatupa mgongo, kama heshima inavyotaka. Akarudi nyuma ya nyumba, na ile jenereta aliyohangaika nayo tangu asubuhi hakuiwasha tena siku ile.

Alasiri mashua ikarudi. Nilikimbia mpaka majini kabla nahodha hajapiga honi.

"Leta wamama, haraka! Couvre-feu itanikuta njiani, na usiku kutembea ni marufuku!"

"Nenda," nikamwambia.

"Na mama yako?"

"Amelala. Nenda. Utapita kesho."

Aliniangalia kama mwendawazimu, akageuza mashua. Shangazi alikaa mchangani akiomboleza kama amefiwa. Niliogopa, sitasema uongo. Ikiwa kitu kingetokea usiku ule, ningekuwa mimi niliyemzuia mama yangu mzazi asirudi mjini, tena bila radhi yake. Lakini nilikuwa nimechoka kuomba vita ruhusa. Tulilala mapokezini, mimi na shangazi kwenye makochi ya ngozi, mume wangu barazani. Hiyo ndiyo ilikuwa fungate yangu usiku huo, na sikuijutia.

Jua lilikuwa limeshapanda nilipoingia na sinia ya chai. Mama alifumbua macho. Alitazama chandarua, akatazama viatu vyake vilivyopangwa sakafuni.

"Mashua?"

"Imeenda jana."

"Jana?"

"Jana, mama."

Akaona shati la mume wangu limetundikwa ukutani. Nikaona amekumbuka yuko kitanda cha nani. Nikasimama na sinia yangu, nikingoja aruke, apige kelele, anilaani kabisa tumalize. Alijipangusa uso uliokuwa na alama za mto kama wa mtoto mchanga.

"Mwambie bwana yako asiingie," akasema.

Akavuta shuka mpaka begani, akageukia ukuta, akalala tena. Nikafunga mlango taratibu. Nahodha alipokuja, nilimrudisha tena bila wao.